Mchagua Jembe

Mchagua jembe si mkulima, husemwa.
Sawa. Lakini jembe letu
lingelima ndani ya jicho la mtu,
basi tulichagua,
msimu mzima wa baridi, kila Alhamisi saa sita mchana,
mjini Duluth, ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia,
buti zetu zikichuruzika theluji mlangoni.

Tulikuwa wanne:
Daktari Solveig Aakre, bingwa wa retina,
Marlys wa mapokezi, Pa Houa mpima macho,
na mimi wa bili, niliyekabidhiwa jedwali
lenye safu arobaini za alama.

Wa kwanza alikuja na sandwichi za bata mzinga.
Mgonjwa wake wa mfano hakuwa na umri wala kikohozi;
alibofywa mara tatu, akapona.
Tukapiga makofi, tukala.
Pa Houa akauliza: "Shinikizo la jicho naliandika wapi?"
Akaonyeshwa kisanduku kiitwacho Mengineyo.
Macho yote mawili,
ndani ya Mengineyo.

Wa pili alitoka kampuni ile kubwa ya mahospitali.
Programu yake ilijua kila kitu: ini, goti, chanjo.
Ilikataa kufungua ukurasa wa jicho
hadi mzee Kuusisto, miaka themanini na moja,
ajibu kama ana mimba.
"Bonyeza Hapana," alisema yule kijana, "ni sekunde moja tu."
Marlys akahesabu kwa vidole, bila sauti,
sekunde moja, wagonjwa arobaini, kila siku ya Mungu,
kisha akalifunga kopo la biskuti.

Ngoja nieleze tulichokuwa tunakilinda.
Daktari Aakre huchora.
Kila jicho duara, penseli za rangi mezani:
nyekundu, retina iliyoshika;
bluu, iliyobanduka;
kijani, damu inayoelea kwenye ute.
Mpasuko wa Kuusisto uko pale
mshale wa saa ungegusa namba kumi,
mdogo kama nukta iliyoandikwa kwa hasira.
Miaka ishirini na mitatu ya maduara
ililala kwenye kabati za chuma,
hadi bomba lilipopasuka Januari
na bluu yote ikahamia kwenye nyekundu.
Tukabaki na kabati zima la macho yaliyobanduka.
Hapo ndipo hata yeye aliposema:
haya, leteni hizo kompyuta zenu.

Wa tatu alikuja na mafua,
Dagny Trottier, kutoka Fargo, saa nne juu ya barafu.
Hakuleta chakula. Programu ikakwama.
Akaizima, akaiwasha, akapenga kamasi.
"Hilo hatuna," alisema. "Na hilo hatuna bado."
Nikaandika sifuri, nikateremka, nikaandika sifuri.
Kisha nikauliza lile swali nililowauliza wote:
siku tukiwachoka, tutaondokaje na macho yetu?
Wa kwanza alicheka.
Wa pili alisema hayo yatakuwa kwenye mkataba.
Yeye alitafuta, akapotea kwenye menyu yake mwenyewe,
akakipata: kitufe cha kijivu, pembeni.
Akakibonyeza mbele yetu.
Faili zikashuka, mojamoja.

Daktari akanyoosha mkono, akaomba kalamu ya skrini,
akachora duara. Halikuwa duara zuri.
Akatafuta bluu.
"Hii siyo yenyewe," alisema,
na akaendelea kuchora.

Kwa hesabu yangu, yule mama alishika mkia.
Niliileta hesabu; ndiyo kazi yangu.
Marlys akaweka kikombe cha chai juu yake.

Aprili. Kuusisto anainama kwenye skrini.
"Hilo ndilo langu?"
"Ndilo. La kushoto."
Analitazama kwa lile la kulia, lile zima,
muda mrefu, kama mtu anayeiona nyumba yake
kwa mara ya kwanza kutoka uani kwa jirani.
Anagusa bluu kwa kucha.
"Na hapa," anauliza, "mnaweza kufuta?"
Pa Houa anasita, mkono juu ya kipanya.
"Hilo," anamwambia, "hatuna bado."