Nusu Athari

Usiku ule vumbi lilipanda kutoka jangwani
likaifunika Ibra mithili ya kawa juu ya sinia.
Kaka yangu Muhanna, mgawa maji,
alikaa juu ya ukuta wa udongo
akiingoja Kilimia izame nyuma ya jabali.
Haikuzama. Haikuonekana hata.
Akakisia.
Akaling'oa jiwe na matambara yake,
maji yakageuka, yakaja kwenye mitende yangu.

Asubuhi Bi Ghudayna akasimama mlangoni,
viatu mkononi, miguu mikavu.
"Umeninywea nusu athari," akasema.
Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Athari: ndivyo tuitavyo hapa kipimo cha maji,
nusu saa, ikizidi au ikipungua.
Katika lugha ya mama yangu, athari ni kile kinachobaki
jambo likishapita.
Nikabaki nacho.

Nilifundisha hesabu miaka ishirini na minane.
Nikafungua daftari la falaji, nikachonga penseli,
nikapiga zamu yake, zamu yangu,
urefu wa usiku wa mwezi wa Machi.
Hesabu haikukosea popote.
Ilikosa pa kuanzia.

Nikamuuliza Muhanna: ulijuaje?
Akasema, mwili unajua.
Mwili upi? Huu wangu
unaokumbuka harufu ya karafuu zilizoanikwa Wete,
jamvi, jua, mkono wa bibi ukizipindua?
Mama, wiki chache kabla hajafa, aliniambia:
Karafuu gani tena? Wewe nilikuzalia Maskati.

Mjukuu wangu Yaarub akanionyesha simu.
Saa hii haidanganyi, bibi.
Nani anaiambia?
Kuna mtambo huko juu, angani.
Na mtambo nani anauambia?
Akacheka, akaitia simu mfukoni.
Basi bado tunaangalia juu, nikasema,
ila siku hizi hatuumii shingo.

Sheikh wa msikiti wa mtaa wa chini alinijibu upesi:
yakini haiondolewi na shaka,
shika lile ulilokuwa nalo mwanzo.
Mwanzo upi, ya sheikh,
nami nimeamka maji yameshafunguliwa?

Adhuhuri nikateremka mferejini, nikatia mkono.
Baridi.
Hili angalau nalijua.
Lakini alfajiri za Januari maji haya haya
yalinipasha vidole kama kikombe cha kahawa.
Wala hayakubadilika. Yanatoka tumbo lile lile la mlima
na joto lake lile lile.
Mkono ndio uliokuja na habari zake.

Nikakaa pale pale kwenye jiwe.
Nilijua kwamba kuna mtu kakaa,
anauliza, na magoti yanamuuma.
Hata hao wawili, muulizaji na mwenye magoti,
sikuweza kuapa kwamba ni mmoja.

Mitende haikungoja tuelewane.
Ile ya Ghudayna, upande wa kaskazini,
ilikuwa imeanza kukunja ncha za makuti,
au ndivyo nilivyoiona
kwa kuwa nilikuwa nimekwenda kuitazama.

Alhamisi zamu yangu ikafika.
Nikamwambia Muhanna akae, nitafungua mwenyewe.
Anga safi. Kilimia imetulia juu ya jabali,
haina hata haya.
Nikapima nusu athari,
nikaisukuma upande wa Ghudayna.

Labda nilikuwa nalipa deni.
Labda nilitoa zawadi.
Labda tangu usiku huo yeye ndiye aliyeninywea,
na asubuhi itabidi nisimame mlangoni kwake
na viatu mkononi.

Maji yakapita gizani, siyaoni,
nayasikia yakijaza kisahani cha mtende wa kwanza,
kisha wa pili,
kisha nikapotewa na hesabu.