Tofauti ni Mia Saba

Ukutani, darasa la kidato cha sita,
kuna karatasi ya manila yenye wino mwekundu:
MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI.
Pembe moja imebanduka, inapepea na feni.
Mwalimu Ngalomba akipita huibana kwa kidole gumba,
nayo humsubiri afike ubaoni, ianguke tena.

Debiti kinachoingia, krediti kinachotoka.
Mwaka wa pili huu. Naisema nikiteka maji:
debiti ndoo, krediti taslimu, shilingi mia.

Mama anauza mkaa Buguruni, nyuma ya gereji,
kwa kopo, kwa sado, kwa kiroba kwa wenye mshahara.
Ana daftari. Msidhani hana.
Jalada limeota weusi wa vidole,
na wadaiwa wake hawana majina ya kwenye kitambulisho:
Geti la Bluu, sado mbili.
Fundi Mguu, kopo.
Mrefu wa Chapati, sado, atalipa Ijumaa.
Ijumaa ipi, haikuandikwa.

Jumamosi, siku kumi na moja kabla ya mtihani,
masika yakilipiga bati kama yanalidai,
nililitandaza kitandani nikalihamishia kwenye leja.
Mtihani ni wa Kiingereza, mama hudai kwa Kiswahili.
Nikawa mkalimani wa sado.

Mkaa uliolowa: hasara.
Turubai lililoazimwa lisirudi: hasara nalo.
Mrefu wa Chapati kahamia Kitunda,
nikaandika deni bovu, nikapiga mstari.
Mama akachungulia begani.
"Nani kakwambia umfute?"
Nikamweleza kanuni: deni lisilolipika huondolewa,
mizania isijidai tajiri.
"Yule ana mgonjwa ndani. Mrudishe.
Siku akija akakuta hayumo
atadhani nimemsusa."
Nikamrudisha. Sijui kwenye safu ipi.

Halafu kulikuwa na S.
Herufi tu, nukta, na pesa.
S elfu mbili. S elfu mbili. S elfu mbili,
Jumatatu mpaka Ijumaa, kurasa kwa kurasa.
S viatu. S twisheni.
S kikokotoo, elfu kumi na nane,
na wiki ile haukununuliwa mkaa hata gunia.
Nilijumlisha S mpaka nikaogopa.
Mdaiwa gani huyu,
hajawahi kurejesha hata thumni?

"Mama, S ni nani?"
Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.
"Si wewe, Siwema."

Kitabuni ipo, sura ya tatu, aya fupi:
anachochota mwenye mali kwenye biashara
kwa matumizi ya nafsi yake.
Hupunguza mtaji. Si deni.
Hakuna wa kumdai mtu.
Mara ngapi nimeijibu hiyo, nikapata alama zote.
Nafsi yake. Nikarudi hapo. Nikarudi tena.
Luku ikaisha. Nikaendelea kwa tochi ya simu,
nikamtoa S kwenye orodha ya wadaiwa,
mkono haukutaka.

Usiku wa manane nikavuta urari.
Kushoto na kulia vimeachana kwa mia saba.
Nikakagua tarakimu zilizopinduliwa,
nikagawa kwa tisa kama tulivyofundishwa,
nikatafuta nusu yake, mia tatu na hamsini, wapi.
Mia saba ikakaa palepale, imekunja nne.
Nikaifungulia akaunti ya muda, ilale huko.

Asubuhi mama akauliza, "Vipi hesabu zangu?"
"Hazilingani. Mia saba haionekani."
"Mia saba? Kwa miaka miwili?"
Akacheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa khanga,
akamwita na jirani aje asikie.

Jumatatu nilipokuwa nafunga kamba za viatu
akafungua daftari, akalamba ncha ya kalamu:
S, elfu mbili.
Akasita.
Akaongeza mia saba.
"Haya. Zilingane."

Urari haufanyi hivyo. Mwalimu Ngalomba angelia.
Nikapokea kwa mikono miwili.