Mia kwa Upande

Bei ya msasa kwa Fundi Shekuwe, pale Langoni,
ilikuwa mia kwa upande. Ubao una pande mbili:
uso wa kutazama njia, mgongo wa kutazama ukumbi.
Mia mbili, na chai ya tangawizi juu yake.

Akaja Mwalimu Mwanaesha wa hesabu
na ukanda wa karatasi aliouchana daftarini,
akaupinda mara moja tu, akaugandisha ncha kwa ncha.
"Nataka huu, wa mbambakofi, mpana kama kiganja,
wanafunzi waupitishe mkononi."
Fundi akaugeuza, akaugeuza tena,
kama mtu aliyeishuku noti.
Yeye aliyechora yungiyungi kwa bikari bila kupima,
duara ndani ya duara,
usiku ule alilala na karatasi.

Wiki tatu patasi ilimkataa.
Nyuzi za mti zina njia yao, pindo lina njia yake;
vipande viwili vikapasuka penye kiuno.
Cha tatu kikakubali. Nikaitwa.

Nilianzia penye fundo jeusi kama kunde.
Nikafuata, sikunyanyua mkono,
vumbi jekundu likinijaa kopeni,
punda wakikwaruza mizigo kwenye kizingiti.
Adhuhuri nikarudi kwenye fundo lile lile.
"Upande wa kwanza tayari. Nigeuze?"
Fundi akapapasa. Hapakubaki penye ukali.

"Basi mia," akasema.
"Mia mbili. Jasho ni la mbili."
"Nioneshe wa pili."
Nikautafuta. Wallahi nikautafuta,
kidole kikiteleza kama mtoto
aliyetumwa nyumba isiyokuwepo.

Mwalimu alipokuja tukamfanya kadhi.
Akacheka hadi mtandio ukamwanguka begani.
"Fundi ana haki: upande ni mmoja.
Na kijana ana haki: njia ni maradufu."
Nikalipwa mia na hamsini,
na manung'uniko ya mwezi mzima
kwamba elimu nyingi hufunga duka.

Sasa duka ni langu. Ukutani nimeandika kwa chokaa:
MSASA NI KWA DHIRAA.
Mteja akiuliza sababu, nampa kile kipande cha pili,
kilichopasuka, nilichokiunga kwa gundi,
namwambia: nitafutie mgongo.

Wengi hukirudisha kimya.
Juzi binti mmoja wa darasa la tatu,
aliyeletwa na babake kuagiza kitanda,
alikizungusha, akapitisha ukucha pembezoni,
polepole, akihesabu kwa midomo.
"Na kingo," akaniuliza, "ni ngapi?"

Miaka kumi na tisa.
Sikuwahi kuhesabu.