Maombi Arobaini na Moja

Saa nane za usiku, Tartu. Theluji imepanda hadi nusu ya dirisha.
Maarika Põldsepp anakitazama kivinjari kisicho na uso
kikikata tiketi za kivuko cha Hiiumaa:
abiria hayupo, gari halina magurudumu,
kadi ya benki ni sufuri tupu zilizopanga foleni.
Majaribio mia mbili kila usiku. Jana yote yalipita.
Leo matatu yameanguka,
na hakuna aliyegusa hata mkato mmoja wa msimbo.

Anaujua ugonjwa huu.
Ramani tunaiazima kwa jirani, herufi tunaziazima kwa jirani,
kihesabu cha wageni kipo kwa jirani wa jirani,
na jirani akipiga chafya huko aliko
huku kwetu inawaka nyekundu.
Mtegemea cha nduguye... malizia mwenyewe,
vidole vyangu vimeganda.

Basi anaandika bawabu. Mistari sita tu:
kila ombi litakalotaka kutoka nje ya mashine hii, likatwe;
la ndani lipite.
Katika lugha yangu ombi la seva na ombi la kanisani
ni neno lilelile, na huwa nacheka peke yangu
nikisoma: maombi yamezuiwa.

Anaendesha upya. Ukurasa unafunguka mkavu,
ramani ni kiraka cha kijivu,
herufi zimevaa nguo za nyumbani.
Lakini tiketi inakatwa. Mia mbili, kijani kitupu,
na dakika kumi na moja zimekuwa nne.

Ripoti inawaorodhesha waliopiga hodi wakakosa karibu:
maombi arobaini na moja kwa kila tiketi.
Tunayasoma kwa kahawa iliyolala.
Ramani, herufi, matangazo, matangazo tena,
na mwishoni kabisa picha, nukta moja kwa nukta moja,
kutoka anwani isiyo na jina, namba tu.
"Hii ya nani?"
Hakuna ajuaye. Tunajinyoosha kwenye makochi.

Saa moja asubuhi, simu ya ofisi. Sauti ya mzee.
Endel Raudsik, aliyeandika toleo la kwanza la mfumo huu
akastaafu kabla Maarika hajaajiriwa.
"Kivuko kimezama?"
Hapana, bwana. Kwa nini?

Jikoni kwake, Võru, ana balbu juu ya friji.
Kila tiketi ikikatwa, balbu inapepesa.
Aliifunga mwenyewe mwaka ule mkewe alipofariki,
apate kujua kuna watu wanasafiri.
"Jana usiku giza. Sijawahi kuona giza saa nane."

Maarika ananitazama. Anaziba kinywa cha simu kwa kiganja,
anakiondoa.
"Bwana Endel, wale wa saa nane hawakuwa watu.
Ni majaribio."
Kimya. Kinasikika kijiko kikizunguka kikombeni.
"Binti yangu," anasema, "nani aende Hiiumaa,
mia mbili kwa mkupuo, usiku wa Februari?
Nilijua.
Nilikuwa nikiwapungia mkono hivyohivyo."

Bawabu amebaki. Hatukumtoboa tundu,
ingawa vidole vya Maarika vilikaa juu ya kibodi
muda mrefu kuliko unaotosha kuandika anwani moja.
Kwenye ukurasa wa kweli, ule wa watu,
nukta ile hatukuigusa.

Saa tatu na robo kuna aliyenunua:
mtu mzima mmoja, watoto wawili, mbwa.
Tuliona kwenye kumbukumbu za seva.
Ombi limetoka. Limejibiwa.
Baiti arobaini na tatu.