Mkalimani Anasimama Wapi

Langoni walinipa beji ya karatasi: MZAZI.
Nikaigeuza upande mweupe, nikaomba kalamu,
nikaandika Saumu Mwachiro,
na chini yake, kwa herufi ndogo, mwanafunzi,
kisha alama ya kuuliza,
maana sijazoea kuapa jambo nisilolijua.

Kijana wa kututembeza aitwa Irfan,
mwaka wa tatu, tai imemkaba kama deni.
"Mama, mwanao yuwapi?"
"Ndiye huyu unayesema naye."
Akacheka kwa adabu, akanipa kijitabu.

Tulipanda ngazi, lifti ina maradhi yake.
Baba mmoja wa Bamburi aliuliza ada mara mbili,
kana kwamba mara ya pili ingepungua.
Kwenye dirisha la ghorofa ya tatu
niliona mabati ya Ganjoni, kunguru, matangi meusi ya maji,
na mbali kidogo pembe ya mahakama
ninakoingia saa mbili kasoro robo
mwaka wa kumi na tisa huu,
kuyatoa maneno kinywani mwa watu
na kuyatia sikioni mwa hakimu.

"Hii ndiyo mahakama yetu ya mfano."
Wote wakakimbilia kiti cha hakimu, kupigwa picha.
Mimi nilikwenda kizimbani.
Nilipitisha kiganja juu ya ubao:
laini, bado wanuka vanishi.
Cha kwetu kimelika pale mikono inaposhika,
kina vishimo viwili vya vidole gumba.

"Mkalimani anasimama wapi?"
Irfan akatazama sakafu kama aliyeangusha sarafu.
"Hapa, mama, twatumia Kiingereza."

Sikumjibu. Nilipima kwa macho:
hatua mbili toka kizimbani,
moja na nusu toka meza ya karani.
Nikauweka mkoba wangu hapo, chini.

Hapo ndipo nilipokuwa nimesimama
Nyevu Gakurya, wa Tiwi, aliposema
alimpiga mumewe kwa uchungu.
Alilisema Kidigo; lilivuka hadi Kiswahili
bila kumwaga tone.
Wa kufiwa, uchungu. Wa kuzaa, uchungu.
Wa shubiri kwenye titi
siku ya kumwachisha mtoto, uchungu.
Lakini kalamu ya hakimu ilikuwa hewani
yangojea Kiingereza,
nami nilikuwa na muda wa kumeza mate mara moja.
Nikampa hasira.
Akaandika hasira.
Miaka saba.

Hakuna aliyevunja kifungu.
Wakili hakuwapo wa kusimama na kusema, subiri,
hebu tulirudie neno hilo.

"Mama, sambusa zitaisha."

Fomu ina swali moja refu:
Eleza kwa nini unataka kusomea sheria.
Mistari mitatu ya nukta.
Msichana kando yangu, Umazi, sare bado ina chaki,
ameshaandika haki mara nne.
Namwonea wivu. Neno hilo nimelivusha mara nyingi
hadi limefutika nakshi, kama shilingi ya zamani.

Masomo ni ya jioni, miaka minne.
Nikahesabu kwa vidole ndani ya mkoba:
Nyevu, kule Shimo la Tewa,
amebakiza mitano, wakimpunguzia, mitatu na kitu.
Nitakuwa na hamsini na moja.
Magoti haya, na ngazi zile.

Ada ya fomu elfu mbili, hairudishwi.
Nililipa kwa simu, salio likabaki
la nauli na mkate wa mofa.
Kwenye mstari wa kwanza niliandika neno moja,
kwa Kiswahili, sikulitafsiri.
Miwili niliwaachia nukta zao.

Irfan alinifuata hadi ngazini, tai mkononi.
"Lile swali lako," akasema, "nitamuuliza mwalimu."
"Muulize," nikamwambia.
"Na akikujibu kwa Kiingereza,
mwambie arudie."