Kumi na Saba

Kwenye kioo cha kompyuta mota inaamka vizuri mno.
Nabonyeza, mstari unapanda,
unapita kidogo pale nilipoutaka,
unarudi, unatulia. Mizunguko elfu moja na mia mbili.
Haina moshi, haina harufu ya kaboni.
Haijawahi kulala na njaa ya umeme.

Mota yenyewe iko nyuma yangu, hapa Pasua,
tumboni mwa mashine ya kukereza inayonizidi umri.
Kibao chake kimeliwa na kutu: volti zinasomeka,
ampea imebaki tarakimu moja, ya pili ni tundu.
Nimepima nilichoweza. Omu moja nukta nane
kati ya brashi na brashi. Milihenri ishirini na mbili.
Kiendeshi kipya kiko kwenye boksi, tumekikopea;
kikiungua, hakuna cha pili.
Ndiyo maana nakiunguza kwanza humu, kwenye hesabu,
mara arobaini tangu asubuhi,
na hakuna jirani aliyekohoa.

Ninachokipenda ni volti ya kurudi:
kadiri mota inavyokimbia
ndivyo inavyomsukuma nyuma anayeisukuma,
hadi wanakubaliana, na makubaliano hayo ndiyo mwendo.
Hilo nimeliandika kwa mstari mmoja.
Msuguano ndio ulionishinda.
Niliweka sifuri. Nikaweka kitu kidogo.
Nikaweka cha kitabuni.
Kote huko ni kubahatisha kwa adabu.

"Umeme ukikatika," nikamwuliza Aminieli,
"taya zinaendelea kuzunguka kwa muda gani?"
Hakuinua macho kwenye chuma alichokuwa anapima.
"Kumi na saba."
Kumi na saba nini?
"Za mdomo. Moja, mbili, polepole.
Hapo hazijashika kitu. Zikishika chuma kizito, ishirini na mbili."
Akanionyesha kidole cha shahada, kimeishia kwenye kiungo cha kwanza.
"Siku hii nilihesabu tisa."

Miaka ya mgao, kila giza lilipoingia,
wenzake walilaani, walitafuta kibiriti na koroboi;
yeye alisimama mbele ya mashine, midomo ikicheza.
Walidhani anasali.

Nikashika saa, nikamwambia ahesabu:
kumi na saba zake ni sekunde kumi na tisa.
Nikaziingiza. Msuguano ukajitokeza wenyewe,
kama mdaiwa aliyeitwa kwa jina la baba yake.
Sasa mstari unasitasita kabla ya kupanda,
ampea zinaruka, nazifungia kwenye kumi na mbili,
nao unakubali shingo upande,
kama kitu chenye uzito.

Jioni, mota ikiwa bado kwenye waya zake za zamani,
inazunguka bure ili nisikie brashi,
mvua ikagonga bati na umeme ukaondoka.
Betri ya kompyuta ikashika. Nikabonyeza.
Mwanga wote wa karakana ukawa ule mstari unaoshuka,
na nyuma yake mvumo wa taya, na sauti ya Aminieli,
moja, mbili,
bila haraka, mtu asiyedaiwa na mtu,

hata alipotamka kumi na saba
mstari ukalala chini, sifuri kamili.
Taya zikavuma moja zaidi.

"Hiyo moja," akasema gizani,
"ni grisi. Nimetia mchana ulipokwenda kula."