Majina Sita ya Baba Mdogo

Umeme ulikatika Chikongola saa tatu usiku,
na ngisi niliowasahau kwenye beseni
wakaanza kuwaka.
Si moto. Buluu ya kibiriti kabla hakijashika,
baridi, isiyo na moshi.
Mama akasema mwaga.
Nikachovya kijiti cha pamba.

Waliowaka si ngisi, ni vijidudu vya ngozini mwao,
na nuru yao imeandikwa: herufi nne tu,
zikisomwa tatu tatu,
kila tatu tofali moja la protini.
Nikaichukua sentensi kama ilivyo
nikaitia kwenye seli za figo ya tumbili
zinazooga maji ya waridi katika chupa bapa.
Siku tatu nilikaa nazo gizani.
Hazikunipa neno.

Ndipo nikamkumbuka Baba Mdogo Likandapai.
Kitangari, mkunga alimpa jina;
jandoni akapewa la pili, la kwanza likazikwa.
Shuleni mwalimu akaandika Festo.
Alipooa akawa Faraji.
Bandarini wapakuzi wanamwita Winchi,
na kwenye stakabadhi ya korosho karani alikosea,
akaandika Likandapaya,
na huyo ndiye anayelipwa.
Mtu mmoja. Lakini mwite Winchi ghalani Tandahimba:
foleni itatazamana, hatainuka mtu,
na fedha itarudi benki.

Leusini nayo ina majina sita.
Kijidudu cha ngisi hupenda kuiita TTA.
Seli ya tumbili ikisikia hivyo hugeuka huku na huku;
mchukuzi wa kuitikia jina hilo ni nadra, yuko mbali,
kazi inasimama, uzi unakatika.
Nikaandika upya usiku kucha.
Penye TTA nikaweka CTG,
maana ileile, tofali lilelile,
jina tu ndilo la stakabadhi.
Nikafuta vipande ambavyo seli ingevidhania alama ya mkasi.
Na mbele ya neno la kwanza nikapiga hodi
kwa namna ya wenyeji,
maana bila hodi nani atafungua?

Protini zikatoka. Tele. Mbio mbio.
Zimejikunja ovyo, madonge matupu,
kama ugali ulioachiwa mtoto.
Giza lilelile.

Baba Mdogo alikuwa anabangua korosho nilipomsimulia,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Hakuuliza jeni ni nini.
Akauliza: "Na lile la jandoni?
Hilo halitamkwi mbio, mwanangu.
Ukitaka kulitaja, unameza mate kwanza."
Akaendelea kubangua.

Nikarudisha majina ya polepole, mahali saba,
pale uzi unapohitaji kutua
ili ujue kukunjika.
Mengine nikayaacha yakimbie.

Sasa ni saa nane.
Safari hii taa nimeizima mwenyewe,
ufa wa mlango nimeuziba kwa kanga ya mama
ambayo bado inanuka ngisi.
Chini kabisa ya chupa
kuna kitu. Sijui kama ni nuru
au ni macho yangu yanayoitaka.
Nameza mate.
Sijaita jina lolote bado.